Ugonjwa tulioambiwa hatuna, na dawa iliyopatikana kwa bahati

Leo naomba tuanze na kisa cha nyumbani kwetu, Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Mwenyewe amenipa ruhusa ya kukisimulia mradi nisimtaje jina.

Shangazi yangu, ambaye sisi Wabukusu humwita senge, alikuwa mwanamke wa kupigiwa mfano. Siku ya soko yeye ndiye aliyefika wa kwanza na ndizi zake na kuondoka wa mwisho. Kicheko chake ungekisikia kabla hujamwona. Kisha mumewe akafariki. Mwaka mmoja baadaye, wakati kila mtu alipodhani kwamba matanga yamekwisha na machozi yamekauka, senge akaanza kunyamaza.

Hakupiga kelele. Hakurushia watu mawe wala hakuvua nguo njiani. Alinyamaza tu. Alikuwa akizinduka saa nane za usiku, na usingizi haurudi tena mpaka jogoo awike. Chakula kikawa kichungu mdomoni kama shubiri. Shamba likamea magugu. Akawa analalamika kichwa, mgongo, na moto fulani uliompanda kifuani.

Zahanati ya kwanza alitibiwa malaria. Ya pili wakasema ni taifodi. Ya tatu wakamwambia ana vidonda vya tumbo. Pesa za mahindi zikaishia huko. Nyumbani nako, baadhi ya majirani walinong'ona kwamba ni mkono wa mtu. Wengine walisema ni uvivu. "Kwani yeye ndiye wa kwanza kufiwa?" waliuliza.

Siku moja senge akampa binti wa jirani kuku wake wote wa mayai, bila kudai hata senti moja. Jioni akamwita mwanawe wa kwanza, akamweleza ni nani atakayemchukua ng'ombe na ni nani atakayelima kipande cha karibu na mto. Habari hiyo ilipomfikia shemeji yake, mwalimu mstaafu, mzee huyo alishtuka. Mtu mzima hagawi mali yake hivi hivi. Hakulala. Alfajiri alimshika senge mkono, wakapanda matatu hadi hospitalini.

Walimkuta afisa wa kliniki ambaye bado ni kijana. Kijana huyo hakukimbilia kuandika dawa. Aliweka kalamu chini akauliza, "Mama, usingizi unapata? Na moyo je, uko vipi?"

Senge alilia pale kitini karibu nusu saa. Kwa muda wa miaka miwili hakuna aliyekuwa amemwuliza swali hilo.

Alirudi nyumbani na tembe ndogo ziitwazo amitriptilini, pamoja na tarehe ya kurudi kuonwa. Haikuwa safari rahisi, kama nitakavyoeleza. Lakini leo hii ukipita sokoni Kimilili utamkuta na ndizi zake, na kicheko kimerudi.

Nilipomtembelea Desemba iliyopita alinitupia maswali mawili. "Wewe unayeandika magazetini, hebu niambie. Dawa hii ilitoka wapi? Na ilikuwa wapi siku zote hizo nilipokuwa nikiteseka?"

Nilibaki nimeduwaa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipekua vitabu, na makala haya ndiyo majibu yangu kwake. Nawe msomaji, uliye na mzazi, ndugu au mwanafunzi mwenzako ambaye siku hizi amekuwa mkimya mno, yasikilize pia.

SI HUZUNI YA KAWAIDA

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kila binadamu huhuzunika. Ukifeli mtihani, ukifiwa, ukifutwa kazi, utahuzunika, na baada ya muda moyo hutulia. Ugonjwa ninaouzungumzia ni mwingine. Wataalamu wa Kiswahili huuita sonona, na vijana wa mjini huuita dipresheni. Huzuni yake hukaa karibu kutwa nzima, kila siku, kwa wiki mbili au zaidi. Mtu hupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Usingizi na chakula huharibika. Mwili huwa mzito, akili haitulii kwenye kitabu, na mtu hujiona kuwa hana faida kwa yeyote. Wengine hufika mahali pa kutamani kufa.

Kwetu sisi, aghalabu mgonjwa hatasema, "Nina huzuni." Atasema kichwa kinamgonga, mgongo unamwuma, au "nafikiria sana". Shika neno hilo, msomaji, maana ndilo lililowapotosha madaktari wa zamani.

KUTOKA KIMILILI HADI MATHARI

Ukimtajia mzee wa Kimilili hospitali ya Mathari, huenda wa kwanza atakayemkumbuka ni Elijah Masinde wa Maeni, kiongozi wa Dini ya Msambwa. Masinde, ambaye katika ujana wake alikuwa mchezaji kandanda hodari, aliwapinga wakoloni waziwazi na kuwahimiza watu wakatae amri zao. Mwaka 1945 serikali ilimpeleka Mathari, hospitali ya wenye maradhi ya akili jijini Nairobi, na hakuachiliwa hadi 1947. Februari 1948 polisi waliwafyatulia risasi wafuasi wake huko Malakisi wakawaua watu 11. Masinde mwenyewe alikamatwa akapelekwa uhamishoni Lamu.

Simtaji Masinde kwa sababu alikuwa na sonona, la hasha. Namtaja ili uone Mathari ya siku zile ilivyokuwa. Ilifunguliwa mwaka 1910, na jina la Mathari ikapewa mwaka 1924. Aghalabu Mwafrika aliyefikishwa huko alikuwa ni yule aliyesumbua watu au aliyeisumbua serikali. Mjane anayelia kimyakimya jikoni mwake Kimilili hakuwa akimsumbua chifu. Nani angempeleka Nairobi?

Sasa msikilize daktari aliyesimamia hospitali hiyo tangu mwaka 1938 hadi 1950. Aliitwa J. C. Carothers, mzaliwa wa Afrika Kusini, na alipokabidhiwa kazi hiyo hakuwa amesomea utaalamu wa magonjwa ya akili. Aliwatazama wagonjwa walioletwa mbele yake, akaona wenye sonona ni wachache mno, akahitimisha kwamba ugonjwa huo ni nadra kwa Waafrika. Alifikia hata kuufananisha ubongo wa Mwafrika na ule wa Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukatwa mishipa ya sehemu ya mbele ya ubongo.

Haya hayakuwa maneno ya baa. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, kikasomwa na madaktari na watawala. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikachapisha maandishi yake mengine, safari hii akieleza vita vya Mau Mau kana kwamba vilikuwa ugonjwa wa akili.

Ajabu ni kwamba katika miaka hiyohiyo, mbali sana na Mathari, dawa za ugonjwa huo ambao tuliambiwa hatuna zilikuwa zinazaliwa. Na zilizaliwa katika wodi ya watu wenye kifua kikuu.

WAGONJWA WALIOCHEZA DENSI

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, inasimuliwa, Wajerumani waliacha akiba kubwa ya kemikali iitwayo hidrazini ambayo ilikuwa imetumika kuendeshea makombora. Makampuni ya dawa yaliinunua kwa bei ya kutupa na kuanza kuifanyia majaribio. Kutokana nayo kampuni ya Hoffmann-La Roche nchini Marekani ilipata dawa mbili, isoniazidi na iproniazidi, kwa nia ya kuua viini vya kifua kikuu.

Mwaka 1951 madaktari Edward Robitzek na Irving Selikoff walianza kuzijaribu katika hospitali ya Sea View iliyoko Staten Island, New York. Wagonjwa wa huko walikuwa wamekata tamaa. Wengi walikuwa wamelala vitandani miezi na miaka wakingoja kufa. Walipopewa dawa, joto lilishuka na kikohozi kikapungua. Lakini wauguzi waliona jambo jingine pia. Watu hao walianza kula kwa pupa, kuchangamka na kupiga soga. Mapema mwaka 1952 magazeti ya Marekani yalichapisha picha za wagonjwa hao wakicheza densi wodini.

Unaweza kusema, "Mtu akipona kifua kikuu, si atafurahi?" Ni kweli. Lakini baadhi ya madaktari waliona kwamba furaha hiyo ilizidi kiasi cha kupona kwenyewe, hasa kwa waliotumia iproniazidi. Wakajiuliza, je, tukiwapa watu ambao mapafu yao ni mazima ila moyo ndio unaougua? Daktari Max Lurie wa Cincinnati aliijaribu isoniazidi kwa wagonjwa wa sonona, na huko Paris Jean Delay naye akafanya hivyo. Mwaka 1952 mwanasayansi Ernst Zeller aligundua kwamba iproniazidi huzuia kazi ya kimeng'enya fulani mwilini ambacho huvunjavunja kemikali zinazopitisha ujumbe kwenye ubongo.

Mwaka 1957 Nathan Kline na wenzake wa hospitali ya Rockland, jimbo la New York, walitangaza kwamba wamewapa wagonjwa wa sonona iproniazidi, na wengi wamepata nafuu. Kwa kuwa dawa hiyo ilikuwa tayari madukani kwa ajili ya kifua kikuu, kwa jina la Marsilid, hakuna aliyehitaji kusubiri. Inakadiriwa kwamba katika mwaka mmoja wagonjwa 400,000 wa sonona walipewa.

Na hapa, msomaji, nilisimama kidogo. Isoniazidi ilifika Afrika Mashariki katika miaka hiyohiyo ya 1950. Madaktari wa Kenya, Uganda na Tanganyika, wakishirikiana na watafiti wa Uingereza, waliijaribu pamoja na dawa nyingine ya bei nafuu iitwayo thiasetazoni, na kufikia mwaka 1960 walikuwa wameanza kuchapisha matokeo. Mchanganyiko huo ukawa tiba ya watu wengi maskini wa kwetu kwa miaka mingi. Hata leo isoniazidi ingali inatolewa katika hospitali zetu, na wengi huijua kwa herufi tatu, INH. Kwa hiyo binamu wa dawa ya kwanza ya sonona alikuwa kabatini mwetu zamani. Ilikuja na barua ya kutibu kifua, haikuja na barua ya kutibu moyo.

BIBI ALIYEJISIKIA VYEMA

Dawa ya pili nayo ilipatikana kwa bahati, huko Uswisi. Mwaka 1952 madaktari wa Paris walikuwa wameonyesha kwamba klopromazini, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Largactil, huwatuliza wenye maradhi makali ya akili. Kampuni ya Geigy ya Uswisi ikatamani kuwa na yake. Ilimpelekea daktari Roland Kuhn wa hospitali ya Münsterlingen, kando ya Ziwa Constance, kemikali ambayo asili yake ilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19.

Kuhn aliwapa wagonjwa wanaosikia sauti zisizokuwapo. Haikuwasaidia, na wengine ilizidi kuwachafua. Badala ya kuitupa, Januari 1956 alimpa mwanamke aliyekuwa na sonona kali. Siku chache baadaye mama huyo alikuwa amebadilika, anazungumza na watu, anasema anajisikia vyema. Wengine waliopewa nao wakapata nafuu. Septemba 1957 Kuhn alisimama mbele ya mkutano wa madaktari wa akili mjini Zurich kusimulia aliyoyaona, na waliokuja kumsikiliza yasemekana walikuwa watu kumi na kitu tu. Baadaye dawa hiyo, imipramini, ilianza kuuzwa kwa jina la Tofranil.

Tusimpambe Kuhn kupita kiasi. Uchunguzi wa wanahistoria uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kwa miaka mingi alijaribu dawa nyingi kwa wagonjwa wa hospitali ile bila kuwaomba idhini. Mtu aweza kuleta heri na bado akawa na deni.

Kutokana na ukoo wa imipramini ndipo ilipotoka amitriptilini, ambayo iliidhinishwa Marekani mwaka 1961. Naam, hiyo ndiyo tembe ya senge wangu. Umri wake ni zaidi ya miaka 60.

JIBINI NA MACHO YA MANJANO

Usidhani dawa hizo zilikuja bila madhara. Iproniazidi iliwaharibu wengine ini, wakageuka macho ya manjano, na baadhi wakafa. Marekani iliiondoa madukani mwaka 1961.

Dada zake nao walikuwa na siri yao. Mapema miaka ya 1960 mfamasia mmoja wa Nottingham, Uingereza, aliona kwamba mkewe, aliyekuwa akitumia dawa ya kundi hilo, alipatwa na maumivu makali ya kichwa kila alipokula jibini. Akaandika barua kwa kampuni. Mwanzoni wakubwa hawakuamini. Daktari kijana wa London, Barry Blackwell, alifuatilia jambo hilo, na mwaka 1963 akaeleza kwamba chakula kama jibini iliyokaa sana kina kemikali ambayo, ikikutana na dawa hizo, hupandisha shinikizo la damu ghafla hata kuua. Mume aliyemtazama mkewe mezani aliona kilichowapita wenye viwanda.

Umeona jambo linalojirudia? Wodini New York ni watu waliotazama wagonjwa wakicheza. Uswisi ni daktari aliyesikiliza mama akisema anajisikia vyema. Nottingham ni mume mezani. Hakuna aliyekuwa ameketi akitafuta dawa ya sonona kwa hesabu. Waliipata kwa kumtazama mtu aliye mbele yao na kuamini walichokiona.

Na huku kwetu? Hakuna aliyekwenda kumtazama mjane jikoni.

MACHO YALIPOFUNGUKA

Yalichukua muda kufunguka. Miaka ya 1970 daktari John Orley na mwenzake J. K. Wing waliwahoji watu wa vijiji viwili nchini Uganda. Hawakungoja waletwe hospitalini wakiwa wamefungwa kamba. Mwaka 1979 walichapisha waliyoyakuta. Sonona ilikuwa imewapata watu wengi vijijini humo, tena kwa kiwango cha juu kuliko wanawake wa mtaa wa London waliolinganishwa nao.

Mwaka huohuo wa 1979, David Ndetei na J. Muhangi walichapisha utafiti wao wa hapa Kenya. Waliwachunguza watu waliofika kwenye kliniki ya kawaida ya mashambani. Karibu mmoja katika kila watano alikuwa na maradhi ya akili, ingawa walikuja wakilalamikia mwili. Kichwa, mgongo, moto kifuani. Ungedhani walikuwa wamekutana na senge wangu.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwapo siku zote. Ila uliambiwa usiwepo.

Mbaya zaidi, hata sheria ilimwadhibu mgonjwa. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 226, ilimhesabu anayejaribu kujiua kuwa mhalifu. Fikiria mtu ametoka kuokolewa leo, kesho yuko kizimbani. Familia nyingi zilificha kwa kuogopa polisi, na aliyefichwa hakutibiwa. Ni Januari 2025 tu ambapo Mahakama Kuu ilitangaza kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba.

MAJIBU KWA SENGE

Senge, uliniuliza dawa yako ilitoka wapi. Ilitoka kwa bahati, katika ukoo uliofunguliwa na Kuhn huko Uswisi, miaka ileile ambayo wagonjwa wa kifua kikuu walicheza densi New York.

Ukaniuliza ilikuwa wapi siku zote hizo. Jibu hili ndilo lililoniuma. Shirika la Afya Duniani, lilelile lililochapisha kitabu cha Carothers mwaka 1953, mwaka 1977 lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa za lazima kwa kila nchi, na amitriptilini ilikuwamo. Si dawa ngeni wala si ya matajiri. Ulizunguka zahanati tatu, na kilichokosekana mara zote hizo kilikuwa swali. "Mama, usingizi unapata? Na moyo je, uko vipi?"

YA KUSHIKA NYUMBANI

Sasa nikuachie mambo machache, msomaji, maana najua wapo watakaolikata gazeti hili na kuliweka kabatini.

Kwanza, dawa hizi si kama za maumivu ya kichwa. Senge alizimeza siku tano, kinywa kikamkauka, usingizi ukamzidia asubuhi, na moyo ulikuwa bado mzito. Akaziacha. Ni shemeji yake aliyemrudisha kwa yule kijana, naye akamweleza kwamba nafuu yenyewe huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, ilhali kero za dawa huja mapema. Alivumilia. Wiki ya nne aliomba chai ya maziwa, na nyumba nzima ikajua.

Pili, usiache ghafla kwa kuwa umejisikia mzima. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni kuendelea kwa miezi 9 hadi 12 baada ya dalili kuisha, kisha daktari apunguze polepole.

Tatu, usimpe jirani tembe zako wala usizinunue kiholela kwenye duka la dawa. Mwambie daktari kama una mimba, kama una ugonjwa wa moyo, au kama kuna dawa nyingine unazotumia. Amitriptilini ikizidi kipimo huua. Ifungie mbali na watoto, na kama mgonjwa amewahi kutamani kufa, mtu mwingine wa nyumbani ndiye amtunzie. Siku hizi kuna fluoksetini pia, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987 kwa jina la Prozac, ambayo hatari yake ikizidi ni ndogo zaidi. Vijana walio chini ya miaka 25 waangaliwe kwa karibu sana wiki za kwanza, kwa kuwa baadhi yao mawazo mabaya huzidi kabla ya kupungua.

Nne, dawa si kila kitu, na si kila mtu humsaidia. Wanasayansi wenyewe bado wanabishana kuhusu jinsi hasa inavyofanya kazi kichwani. Sonona isiyo kali yaweza kutibiwa kwa mazungumzo. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda. Wagonjwa walikutana kwa vikundi kila wiki kwa muda wa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kwao waliofunzwa, wakizungumza kuhusu misiba, ugomvi na mabadiliko ya maisha yao. Walipata nafuu kubwa kuliko wasiokutana. Mazungumzo hayauzwi dukani, lakini nayo ni tiba.

Tano, na hili ni la wanafunzi walio mbali na nyumbani. Mwenzako akianza kugawa vitu vyake, akisema yeye ni mzigo, au akiaga kana kwamba anasafiri, usimcheke wala usingoje Jumatatu. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Usimwache peke yake. Mfuatane hadi hospitali iliyo karibu.

Mzee Carothers alikuwa na hospitali nzima na kitabu kilichochapishwa Geneva, asiuone ugonjwa. Mwalimu mstaafu wa Kimilili aliuona kwa kuhesabu kuku waliotolewa bure. Kwa hiyo leo jioni, baada ya kuosha vyombo, mtazame yule mkimya wa nyumbani kwako. Kisha mwulize moyo uko vipi, na usiwe na haraka ya kuondoka kabla hajakujibu.

Tukutane tena Jumapili ijayo, Mola akipenda.